Mtu wa Tatu Kwenye Simu ya Wawili

Mwaka 2013 wasanii wawili wa Marekani, Lauren McCarthy na Kyle McDonald, walitengeneza programu ya majaribio waliyoiita us+. Ilikaa ndani ya Hangouts, huduma ya simu za video ya Google ya wakati ule. Watu wanapigiana, wanaonana, wanaanza kuzungumza kama kawaida. Programu inasikiliza maneno yao na kutazama nyuso zao, huku ikipima mazungumzo yanavyokwenda. Yakielemea upande mmoja, inaingilia. Lengo lililotangazwa ni kuyafanya mazungumzo yawe bora.

Kazi za namna hii huvuta upesi mjadala wa maudhui: faragha, upelelezi, kampuni kubwa na data zetu. Mjadala huo ni wa lazima. Lakini sisi tuliofunzwa uhakiki kwa jozi ya fani na maudhui tunajua kwamba kazi inaweza kutangaza jambo moja huku umbo lake likitenda jingine. Kwa hiyo nitaisoma us+ kama ninavyosoma tamthilia. Nani yuko jukwaani? Nani anasema, na kwa nafsi gani? Nani ana uwezo wa kumnyamazisha mwenzake?

Jukwaa lenyewe lilikuwa na kasoro kabla us+ haijapanda. Katika simu ya video uso wa mwenzako umejaa skrini, na pembeni kuna kidirisha chenye uso wako. Ni machache mazungumzo mengine tuliyoyazoea ambamo mtu anaongea huku akijitazama. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, akieleza kwa nini simu hizi zinachosha, alikitaja kioo hicho kuwa moja ya sababu nne, pamoja na macho ya watu yanayokukodolea kwa karibu mno, mwili unaolazimika kutulia mahali pamoja, na kazi ya ziada ya kutoa na kusoma ishara. Maana yake, kabla ya programu yoyote kupima chochote, mzungumzaji amekwisha kugawanyika. Sehemu yake inazungumza, sehemu inajikagua.

Juu ya jukwaa hilo us+ inafanya vitendo vitatu. Inaonyesha mchoro wa vipimo, inatoa arifa za maandishi, na inamzima sauti mtu ambaye mazungumzo yameelemea upande wake. Mpangilio huo ndio kiini cha fani yake. Ni ngazi ya vidato vitatu: kuonyesha, kusema, kutenda. Kila kidato kinampokonya mzungumzaji kitu ambacho kidato kilichotangulia kilimwachia.

Mchoro unaonekana hauna dhara. Unakuambia jinsi mazungumzo yalivyo sasa hivi, kwa vipimo kama uchangamfu, ukali, na kiasi gani mtu anajizungumzia mwenyewe. Lakini tazama unavyoligeuza jicho. Kwa kawaida ukiona mwenzako amekunja uso unamuuliza: "Vipi, nimekuudhi?" Naye anaweza kukujibu kwamba jua linamchoma machoni, au kwamba jino linamuuma, au kwamba ndiyo, umemuudhi tangu juzi. Swali hilo dogo ndilo mazungumzo. Ndilo linalowafanya wawili wawe wawili. Penye mchoro huna haja ya kuuliza. Unatupia jicho pembeni na jibu unalo, limetolewa na ambaye hukumuuliza. Mwenzako naye anajua kwamba kuna mahali hali yake inasomwa nje ya kinywa chake, hivyo anaanza kuushughulikia uso wake. Haupangi tena kwa ajili yako. Anaupanga kwa ajili ya kipimo.

Kidato cha pili ni arifa. Hapa kazi inapata sauti, na sauti ile ni ya ajabu ukiichunguza. Ujumbe unajitokeza kwenye skrini katikati ya sentensi ya mtu na kumwelekeza abadilike. Anayesema ni nani? Si Lauren wala Kyle, maana hawapo kwenye simu hiyo. Si mwenzako, ambaye pengine alikuwa amefurahi kukusikiliza. Ni msemaji asiye na jina, asiye na umri, asiye na undugu na yeyote kati yenu, na bado anakuelekeza namna ya kuongea na dada yako.

Na hana uso. Kila aliyemo kwenye simu ile ana uso unaosomwa, isipokuwa yule anayesoma. Huwezi kumwangalia ukajua kama anatania, kama amekosea, kama ana haraka, kama amekuonea huruma. Binadamu akikukosoa mbele ya watu, unampima hapohapo kwa macho yake na sauti yake, unajua ulipokee vipi neno lake. Hata mwenyekiti mkali wa kikao cha ukoo, akikukata kauli, unamwona uso. Ukimwona amelegeza midomo kidogo unajua hajakasirika, anataka tu zamu ifike kwa wengine. Msemaji wa us+ hatoi nafasi hiyo. Sheria nzima ya simu ya video ni kuonana ana kwa ana, na mhusika mwenye mamlaka kuliko wote ameruhusiwa kuivunja. Katika kazi nzima sioni uamuzi wa kifani wenye uzito kuliko huu, na mchezo wa kuigiza ungehitaji kurasa nyingi kuufikisha.

Kisha kidato cha tatu. Mtu ameongea mno, mizani imeelemea, programu inamzima maikrofoni. Simama hapo uone kinachotokea. Uso wake bado upo. Midomo inaendelea kucheza, nyusi zinapanda, kiganja kinafunguka mbele ya kamera kama cha mtu anayefikia kilele cha hadithi yake, na sauti hakuna. Kwa dakika moja au nusu dakika huenda asijue kwamba amezimwa. Mwenzake anajua. Sasa mwenzake anatazama uso mtupu unaohangaika, na kwa mara ya kwanza yuko katika nafasi ileile ya programu: anasoma uso bila kusikia maneno. Programu imemfundisha kuona kama inavyoona yenyewe. Sidhani kuna namna nyingine ambayo wasanii hawa wangeweza kutuonyesha jinsi usomaji wa aina hiyo ulivyo finyu. Hawakuandika hoja, wamekukalisha katika kiti cha mashine.

Neno linaloongoza ngazi hii yote ni mizani. us+ inadai kwamba mazungumzo mazuri ni yale yaliyosawazika: kila mtu apate fungu lake, hisia zisizidi, mmoja asimfunike mwingine. Kwa kikao cha ofisi dai hilo lina mantiki, na kuna watu, hasa wanawake na vijana, ambao wangefaidika kama mzee wa kikao angezimwa sauti mara moja moja. Silidharau hilo. Kosa ni kulifanya dai la utanzu mmoja kuwa sheria ya tanzu zote.

Mazungumzo yana tanzu kama fasihi ilivyo na tanzu. Simu ya taazia haifuati mizani. Aliyefiwa ndiye anayesema, anarudia habari ileile ya usiku wa hospitali mara tatu, na wewe kazi yako ni kuitikia na kunyamaza. Ukigawana naye muda sawasawa umemkosea adabu. Bibi anayewasimulia wajukuu walio ughaibuni jinsi ukoo ulivyohamia pwani hana haja ya kukatizwa. Anayeposa, anayesutwa, anayeomba radhi, anayeaga, kila mmoja ana mgawanyo wake wa maneno na uso wake unaostahili.

Chukua utani. Tanzania makabila yenye utani baina yao huwa na ruhusa, na hata wajibu, wa kutaniana kwenye msiba. Mtani anaingia matangani akiwa amejitwika dhihaka, anamsema marehemu kwa ubahili wake, anawasimanga wafiwa, anadai chakula kwa makelele. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hebu sasa utani huo upite kwenye simu ya video, kwa mtani aliyeko mbali aliyeshindwa kufika. Maneno yake yote ni makali. Anaongea peke yake. Nyuso za wanaomsikiliza zina tabasamu na kilio kwa wakati mmoja. Kwa kila kipimo cha us+ mazungumzo hayo yameharibika, na mtani angezimwa sauti kwenye dakika ileile aliyokuwa anamfariji mtu kuliko mchungaji au shehe.

Upimaji wa maneno nao umesukwa kwa lugha fulani. us+ inategemea LIWC, mbinu ya kuhesabu maneno iliyoasisiwa na mwanasaikolojia James Pennebaker na wenzake huko Marekani. Mbinu hiyo inayapanga maneno katika makundi na kuhesabu kila kundi linatokea mara ngapi. Anayetaja nafsi yake mara nyingi anahesabiwa kuwa amejielekea mwenyewe. Kiingereza kinaitamka nafsi hiyo kama neno linalosimama peke yake. Sisi nafsi yetu tumeifumbata ndani ya kitenzi. Mtu anaweza kusema kwa Kiswahili "nilikwenda, nikakaa, nikangoja, nikachoka, nikarudi" na mashine inayotafuta neno "mimi" isimwone hata mara moja. Mtu mwenye kujisifu angepita salama kabisa. Sitaji hili ili kuwadhihaki wasanii, ambao walitengeneza kazi yao kwa lugha yao. Nalitaja kwa sababu kila chombo cha kupima kina lugha ndani yake, hata kinapouzwa kwa watu wa lugha nyingine.

Kuhusu uso, nyuma ya programu kama hizi kuna nadharia moja kongwe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia Paul Ekman alikwenda kwa Wafore wa Papua New Guinea na picha za nyuso, akawasimulia hadithi fupi na kuwataka wachague uso unaolingana nayo. Matokeo aliyoyachapisha na Wallace Friesen mwaka 1971 yalijenga imani kwamba kuna hisia chache za msingi ambazo binadamu wote huzionyesha usoni kwa namna moja: furaha, huzuni, hasira, hofu, karaha na mshangao. Mwaka 1978 wakatoa mfumo wa kuzitaja harakati za uso kwa namba, msuli baada ya msuli. Tabasamu la kweli, kwa mfano, ni namba 6 na 12 pamoja: misuli inayozunguka macho na ile inayovuta pembe za mdomo. Mara uso ulipokwisha kuwa namba, kompyuta ikaweza kuusoma.

Nadharia hiyo inauona uso kama dirisha. Kilicho ndani kinachungulia nje. Ndiyo maana mtu aliyeko kando, asiyehusika kabisa na mazungumzo, anaweza kudai amekisoma.

Lakini kuna uchunguzi mdogo wa mwaka 1979 ninaoupenda kuliko vitabu vingi. Robert Kraut na Robert Johnston walikwenda kutazama watu wanaocheza bowling, mchezo wa kuvingirisha tufe zito ili liangushe vigingi vilivyopangwa mwisho wa njia. Mchezaji anatupa tufe, vigingi vyote vinaanguka. Kama uso ni dirisha, tabasamu lingetokea hapo, akiwa bado ameelekea vigingi, furaha yake ikiwa mbichi. Halikutokea, ila kwa nadra. Tabasamu lilikuja alipogeuka na kuwaona wenzake. Alikuwa nalo la kuwapa.

Kwa hiyo tabasamu lina anwani. Linaelekezwa kwa mtu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, mtafiti Carlos Crivelli na wenzake walionyesha kwamba katika visiwa vya Trobriand, hukohuko Papua New Guinea, uso wa macho yaliyotoka na mdomo wazi, ambao vitabu vinauita uso wa hofu, watu waliusoma kama uso wa vitisho. Waliona kile ambacho uso ule unamfanyia anayeutazama. Na mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wanasayansi wenzake walipopitia tafiti kwa wingi walifikia hitimisho kwamba harakati za uso peke yake haziwezi kutegemewa kutuambia mtu anahisi nini. Watu hukunja uso kwa hasira, lakini pia kwa kufikiri sana, na wenye hasira mara nyingi hawaukunji kabisa.

Ukiyarudisha haya kwenye us+, umbo lake linaeleweka zaidi. Programu inaichukua barua iliyoandikiwa mtu mmoja, inaifungua njiani, inaitia alama, kisha inawarudishia wote wawili alama ile. Baada ya muda mwandishi anaanza kumwandikia mfungua barua. Hapo ndipo mtu wa tatu anapoacha kuwa mgeni kwenye simu na kuwa ndiye anayezungumziwa.

McCarthy alikuwa amelifikia wazo hili kwa njia ya kimwili zaidi mwaka 2009, katika kazi iitwayo Happiness Hat. Ni kofia ya kufuma. Ina kitambuzi kinachogusa shavu na kupima ukubwa wa tabasamu, na mota ndogo inayosukuma ncha ya chuma kuelekea kichwani. Ukitabasamu kwa upana ncha inarudi. Tabasamu likififia inakuchoma. Kofia ina ukweli ambao us+ inaukosa: adhabu yake inauma, na anayeivaa hawezi kujidanganya kwamba anasaidiwa. us+ ina kitu ambacho kofia haina, nacho ni mtu mwingine. Kofia inamtesa mtu mmoja. Programu inauingiza mfumo uleule wa tuzo na adhabu katikati ya watu wawili wanaopendana, ikiuvika lugha ya upole na ya kujiboresha. Kati ya kazi hizi mbili naiona us+ kuwa nzito zaidi, kwa sababu kosa inalolifanya ni la mahusiano, na mahusiano hayahisi haraka yanapochomwa.

Ina udhaifu pia. Mimi nakiona kidato cha kwanza kuwa kimelegea: mchoro wa vipimo umeazima sura ya vyombo vya ofisini bila kuuliza kwa nini hisia zichorwe kama mauzo ya mwezi. Jina us+ nalo linabanwa na wakati wake, maana alama ile ya kujumlisha inakumbusha Google+, mtandao ulioanzishwa mwaka 2011 na kufungwa kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019. Google ilipoondoa programu za nje katika Hangouts mwaka 2017, us+ ilikosa nyumba. Leo tunaijua kwa maelezo na video za watengenezaji wake. Kazi ya sanaa inayopanga chumba katika jengo la kampuni huhamishwa siku mwenye nyumba anapoamua.

Walioingia chumba hicho baadaye hawakuja kwa sanaa. Kampuni ya HireVue, inayouza mahojiano ya kazi kwa video, iliwahi kuchambua nyuso za waombaji, na mwaka 2021 ikatangaza kwamba imeacha. Mwaka 2022 mashirika zaidi ya 20 ya haki za raia yaliiandikia Zoom kuitaka iachane na wazo la kusoma hisia za watu kwenye simu zake. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza kuondoa uwezo wa kukisia hisia katika huduma yake ya kutambua nyuso. Linganisha fani zao na ya us+. Vipimo vilikuwa vya namna ileile, kisomaji kilekile kisicho na uso, lakini ngazi ilifichwa. Mwombaji kazi hakuona mchoro. Hakupata arifa. Alichokutana nacho ni kidato cha tatu peke yake: amezimwa, kazi haikupatikana, na hakujua kwamba kulikuwa na mizani.

Wapo pia wasiopima uso bali wanaurekebisha. FaceTime ya Apple ina chaguo la kuyasogeza macho yako ili yaonekane yanamtazama mwenzako wakati kweli yanatazama skrini, na mwaka 2023 Nvidia ilitoa zana ya kazi hiyohiyo. Macho yakienda mbali sana zana inaacha, lakini yakiwa karibu inayainua. Fikiria kijana anayezungumza na baba mkwe wake. Ameyatuliza macho chini kidogo, kama alivyofunzwa, kwa sababu kumkazia mkwe macho ni utovu wa adabu. Zana haikuzuia adabu hiyo kwa ubaya. Haikuwahi kuambiwa ipo. Inamnyanyulia macho, na mzee upande wa pili anaona kijana anayemkodolea. Hapa msomaji wa uso amekuwa mwandishi wa uso.

Na tusidhani nyuso zetu zinasomwa kwa usahihi uleule wa nyuso nyingine. Mwaka 2018 mtafiti Lauren Rhue alichukua picha za wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, akazipitisha kwenye programu mbili za kusoma hisia, na wachezaji weusi wakapewa alama nyingi zaidi za hisia hasi kuliko weupe. Mwaka huohuo watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu zinazokisia jinsia ya mtu kwa kutumia picha za wabunge wa nchi sita, Rwanda ikiwa mojawapo, pamoja na Senegali, Afrika Kusini, Ufini, Aisilandi na Uswidi. Kwa wanawake weusi makosa yalifika hadi asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hayakufika hata asilimia moja. Walichopima ni jinsia, jambo linalohesabiwa kuwa rahisi kwa mashine. Mbunge wa Kigali ambaye kamera haikuweza kujua ni mwanamke angepewa alama gani ya uchangamfu?

Ndiyo maana naihesabu us+ kuwa kazi nzuri ingawa kinachofanywa na programu ile ni kibaya. Uzuri wake ni kwamba haikuficha kiungo hata kimoja cha mwili wake. Vipimo viko wazi, amri iko wazi, mkono unaozima sauti uko wazi, na watu wote kwenye simu wanajua kuwa mtu wa tatu ameketi nao. Bidhaa zilizofuata zilichukua maudhui na kuiacha fani hiyo ya uwazi.

Umoja wa Ulaya umepiga marufuku mifumo ya akili mnemba inayokisia hisia za watu mahali pa kazi na katika taasisi za elimu, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, na marufuku hiyo ilianza kutumika tarehe 2 Februari 2025. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinalinda data za kibayometriki kama data nyeti, jambo jema, lakini kukisia hisia za mtu kutokana na uso wake ni suala jingine na linahitaji kutajwa kwa jina lake. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data mjini Nairobi na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania zianze na usaili wa kazi na madarasa ya mtandaoni. Nawe msomaji, ukiitwa kwenye usaili wa video, una haki ya kuuliza kabla hujawasha kamera: mbali na ninaowaona, nani mwingine ananitazama, na anaandika nini?